Mkanda wa Mashini Yangu

Bisimwa mwanangu, na we Mama Raïssa, mke wake,

Kambi ya Dzaleka nzima hakuna mtu ananishinda kushona kifuko cha kamba. Bon, kile cha kwanza nilikishona mpaka mdomo nikaufunga, hata sisimizi hakupata mlango. Lakini cha pili kilifunguka.

Maharage iko kwenye mbabula ya makaa. Mutie chumvi, si kama juzi. Nsima mupike wenyewe. ~~Nitarudi saa kumi.~~ Nitarudi nikirudi.

Asubuhi, Bisimwa, ulinicheka mbele ya batoto: "Mama, na macho hayo utafundisha nani? Utabashonesha vidole!" Basi bamama wapya wa kujifunza kushona bananingoja kanisani, kila mmoja na kipande chake cha kitenge. Kifuko ni mshono wa kunyooka tu: unashona pembeni, unashona chini, unapitisha kamba juu. Hata we ungeweza, kama ungenyamaza kidogo. Nilibaahidi, njo maana naenda. Mashini yangu ya kushona imeshatangulia kwa baiskeli ya kabaza.

Utauliza itashona namna gani. Si uliniambia mkanda wake ulikatika, ukaupeleka kwa fundi wa kule mjini, Chinsapo, na atakaa nao mwezi mzima?

Koti lako la kanisa iko kwenye kiti. Ule mfuko uliotoboka, uliniomba tangu Jumapili nikushonee, nimeushona kwa mkono. Kumbe fundi wa Chinsapo anakaa humo! Nimetoa mkanda wangu, umekunjwa vizuri, haujakatika hata kidogo.

Ni mi mama yako, yule wa macho mabaya