Kwa Fundi Wetu wa Cherehani, Mwenye Mgongo wa Vinundu

Mwaka umetimia, mume wangu, tangu ulipoweka mkasi mezani ukasema unajilaza kidogo. Mwongo wee! Kujilaza gani huko, mtu asiamke?

Misuli ya miguu ilipokuishia nguvu, watu walidhani ufundi umekwisha. Tukasogeza viti viwili, mimi nikanyage, wewe uongoze kitambaa. Mguu wangu kwenye pedali, mkono wangu mgongoni kwako, maana vile vinundu vilikuwasha. Daktari alikata kimoja akakipima, akasema vimeota kwenye mishipa ya fahamu, si saratani wala haviambukizi, ila mtoto aweza kuvirithi. Nilivijua vyote kwa vidole. Kile cha chini ya bega tulikiita Mkwe: ukikigusa tu, nyumba nzima inajua. Nikikibonyeza unaruka, mshono unakwenda kombo. "Bibi wewe, gauni la watu hilo!" Nami nasema mkono umeteleza.

Yule mteja aliyeogopa kushika nguo uliyoishona, ulimjibu kwa upole: "Mama, vingekuwa vinaambukiza, huyu ninayelala naye angekuwa fenesi." Akacheka mpaka akaagiza na sketi.

Lakini kitindamimba wetu hakucheka. Vinundu vilipoanza kumtoka mikononi, akawa wa nguo za mikono mirefu tu, jua liwake lisiwake. Ukamkatia gauni la mikono mifupi. Akasema, "Baba, hilo vaa mwenyewe." Hukugombana naye. Ulinigeukia ukasema, "Kanyaga, mke wangu. Nguo haiozi." Ndiyo ilikuwa kazi yetu ya mwisho.

Siku hizi nakaa kwenye kiti changu, nakanyaga cherehani tupu. Mkono hauna pa kwenda. Nimejaribu kukuna mgongo wa kiti chako. Laini mno, hauna habari.

Gauni lilining'inia chumbani kwake muda wote huu. Jumapili nilimkuta amelivaa mbele ya kioo. "Mama, geukia huko!" Nikageuka. Lakini unanijua, sikugeuka vizuri. Mikono ile ni yako kabisa, fundi wangu, na vinundu vyake.

Akaniuliza, "Limenikaa?"

Swali hilo lilikuwa lako kulijibu. Njoo basi, hata ndotoni, umjibu mtoto.

Tunaokukumbuka: mimi mkeo, wanao wote, wajukuu, dada yako mwenye maneno mengi, na jirani zako wa mtaani.

Hututoki moyoni, leo wala kesho.