Alama ya Sindano kwenye Darubini Yetu

Mke wangu mpendwa, Mama Dismas,

Niwie radhi kwa kukuandikia hadharani, wewe uliyechukia mambo ya nyumbani kwetu kutajwa hata kwenye foleni ya maji. Barua hii haina bahasha kwa sababu sina anuani yako. Tena nadhani wapo wazee wengine ambao, kama mimi, wamefungwa na neno "asante" na hawajui watokee wapi. Wakiisoma nao, usiwaonee haya. Nionee mimi.

Nakuandikia kutoka Kasulu, nyumbani kwa mwanetu. Tulipomaliza matanga yako Dismas alinipakia garini pamoja na godoro, Biblia, sanduku la nguo na darubini, akasema, "Baba, utapumzika." Nikasema nimefurahi. Tangu siku hiyo napumzika. Nyumba yake ni nzuri na ina ukuta mrefu kuliko mimi nikiwa nimenyoosha mkono. Geti linafungwa kabla jua halijazama vizuri, na papo hapo taa ya ulinzi inawaka pembeni mwa paa, nyeupe kama ya chumba cha upasuaji, na anga lote linafutika. Mchana nakaa kwenye kiti cha plastiki tangu chai hadi chakula. Nikiinuka tu, mkamwana wetu Jeni anatokeza mlangoni: "Baba, nikuletee nini?" Kila ninachokihitaji kinaletwa, na kwa hiyo sina pa kwenda. Nasema haya kwa aibu, maana hawana kosa hawa watoto. Sijawahi kutunzwa vizuri namna hii, wala sijawahi kufungiwa namna hii.

Lililonifanya nishike kalamu ni ufunguo wa nyumba yetu ya Kibondo. Wiki iliyopita, wakati wa chakula, Dismas alisema nyumba ikikaa tupu inaoza, na kwamba amempata mpangaji, mfanyabiashara wa mbao, mtu mstaarabu, ambaye angekuja Jumamosi kuuchukua ufunguo. "Unaonaje, Baba?" Nililirudisha tonge kwenye sahani. Niliona mlango wa nyuma uliokuwa ukiufungua kwa goti huku mikono imeshika kitambaa. Niliuona uwanja wetu, cherehani yako barazani, na lile jiwe bapa tulilosimamishia darubini. Nikamjibu mwanao, "Asante, mwanangu, umefikiri vema." Nikaongeza kumwomba radhi kwa usumbufu.

Unanijua. Hivyo ndivyo nilivyolelewa misheni: anayekupa usimpime, anayekuuliza usimhuzunishe. Nimeishi na adabu hiyo miaka sabini na zaidi, na sasa imenijengea ukuta mrefu kuliko huu wa Dismas.

Unakumbuka siku Padri wa misheni alipotuachia darubini? Alikuwa anarudi kwao moja kwa moja, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa hesabu, akaona niirithi. Aliisimamisha pale jiwe lilipo, akatuonyesha ile lenzi ya kutazamia yenye pete. Pete ikiwa kwenye namba ishirini na nne nyota ni nyingi na ziko mbali. Ukiizungusha polepole kuelekea nane, anga linakusogelea, nyota zinabaki chache, na ile uliyodhani ni moja inaweza kuachana ikawa mbili. Nyota pacha, alituambia. Kisha akagusa gurudumu dogo la pembeni, akaniambia kwa sauti ya kuaga, "Hili usiliguse, Mwalimu. Nimekwisha kuliweka sawa."

Nami sikuligusa. Alikuwa amekwenda zake, bahari ngapi sijui ziko kati yetu, na mimi bado sikuligusa. Nilipokuwa nikilifuta vumbi nilitumia manyoya ya kuku, lisije likasogea.

Jioni zetu zilianza giza likikolea tu, umekwisha kuifunika cherehani. Mimi nilitazama kwanza, kama baba mwenye nyumba, kisha nikarudi nyuma hatua tatu kuandika kwenye daftari kwa mwanga wa tochi, na wewe ukakaa kwenye kigoda. Iliyotupendeza kuliko zote ilikuwa ile ya upande wa kaskazini, ya miezi ya kiangazi. Ulisema mmoja wa wale pacha ana rangi ya mawese yaliyoiva jikoni na mwenzake ni bluu ya kufulia mashati ya shule. Hiyo niliiona kweli, Mama Dismas. Pacha wake wametengana sana, hata pete ikiwa kwenye ishirini na nne unawaona. Ulipiga magoti ukawapigia makofi yale ya taratibu tunayowapigia wakubwa hapa kwetu Buha, ukawapa salamu ya jioni, "Mwiriwe," kama unawasalimu wakwe. Nikacheka hadi tochi ikaanguka.

Lakini ile ya mguuni pa Msalaba wa Kusini sikuiona ikiwa mbili hata siku moja. Hapa ndipo penye ungamo langu.

Padri alikuwa amesema kwamba nyota ile ya chini ni pacha wa karibu sana, wanaotaka pete ifike nane. Niliifikisha nane. Nikaona kitu kimoja kilichovimba na kutetemeka, kama kiini cha yai kwenye kikaango. Nikangoja. Nikafuta jicho. Ukaniuliza nyuma yangu, "Baba Dismas, ni mbili?" Nilifikiri: Padri alisema ni mbili, na chombo amekiweka sawa yeye mwenyewe, basi kosa ni la macho yangu, na kwa nini nimharibie mwanamke huyu jioni yake? Nikasema, "Naam. Mbili." Nikageuka nikaandika hivyo, kwa mwandiko mzuri. Ukakaa wewe, kimya kwa muda mrefu, kisha ukasema kwa sauti ya mtu aliyeona kitu, "Loo. Kweli ni mbili. Nyeupe zote, zimebanana kama vishikizo vya kanzu." Nikajua kwamba macho yako ni mazima na yangu yamekwisha. Mwaka baada ya mwaka, kila Msalaba uliposimama wima, nilidanganya tena, na nilijifunza kusema vishikizo vya kanzu kama neno langu.

Jioni ya mwisho ulikuwa umekwisha kuanza kuumwa na hukutaka tuite ugonjwa. Ulikaa kigodani, ukatazama, ukaniita. "Baba Dismas, njoo tena utazame. Sasa hivi. Usiguse kitu, weka jicho tu."

Nikajibu bila kuinua kichwa kwenye daftari, "Nimekwisha kuona, Mama Dismas."

"Haya," ukasema. Ukachukua kigoda ukaingia ndani.

Juzi alikuja kunijulia hali Bi Zubeda, jirani yetu wa dukani kule Kibondo, aliyekuwa amekuja Kasulu kufuata vitenge. Unajua anavyoongea, hata kabla hajaketi alikwisha kuuliza kama bado nafuga yule mnyama wa jicho moja. Nilimwonyesha darubini ilivyolala stoo chini ya magunia ya mahindi. Tuliitoa pamoja. Nilipokuwa nikiifuta, kidole changu kilikwama kwenye mkwaruzo mdogo ubavuni mwa lile gurudumu, na mwingine kwenye bomba, pembeni yake. Mistari miwili myembamba, iliyonyooka kama mshono, inayotazamana sawasawa.

"Nani ameikwaruza?" nikauliza.

Bi Zubeda alitazama, akaangua kicheko, kisha akajiziba mdomo kwa ushungi. "Mwalimu, hukujua? Si Mama Dismas huyo, na sindano yake! Ukishampa mgongo uandike mambo yako, yeye anakizungusha hicho kigurudumu, anaangalia weee, halafu anakirudisha mpaka mistari ikutane. Nami alinionyesha. Nikamwambia, 'We mwanamke, si umwambie mumeo?' Akasema, 'Amekwisha kusema ameziona. Nikimwambia, nitakuwa nimemwita mwongo.'"

Nilikaa juu ya gunia. Alinipa pole kana kwamba umefariki siku hiyo, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa.

Kumbe kila unapoizungusha pete unapaswa kulisogeza gurudumu nalo kidogo, kwa kila jicho mahali pake. Wewe, uliyetunga uzi kwenye sindano miaka arobaini, mkono wako ulilijua jambo hilo bila kuambiwa. Mimi, mwenye cheti, nililinda neno la mtu aliyekwisha kuondoka. Nawe ukanilinda mimi, ukaweka alama ili nisijue. Tulikuwa watu wawili wenye adabu, uwanja mmoja, na kati yetu uongo mmoja uliofutwa vumbi kwa manyoya ya kuku.

Jioni ile ile nilimwomba Jeni azime taa ya ulinzi. Nilikuwa kama mtoto anayeomba ruhusa. "Wezi, Baba," akasema. Nikamwambia, "Dakika kumi, mama. Mimi mwenyewe nitakuwa mlinzi." Alicheka, akaizima. Giza likarudi, na Msalaba ukatokea juu ya paa la jirani, umesimama karibu wima. Nikafikisha pete kwenye nane. Kikaja kile kiini cha yai. Nikashika gurudumu. Nakiri kwako kwamba nilisema kwa sauti, "Padri, nisamehe," ndipo nikazungusha.

Kilikunjika. Kikapungua, kikapungua, kikawa nukta, na nukta ikawa mbili. Nyeupe zote. Vishikizo vya kanzu, Mama Dismas. Si macho yangu yaliyokuwa yamekwisha.

Nilipomwambia Jeni naye atazame, alisema anaona ukungu. Nikamfundisha kusogeza gurudumu lake mwenyewe, na nikamwambia asiniambie mbili kama ni moja. Akazungusha hadi akapiga ukelele.

Asubuhi yake, kwenye chai, nilimwambia mwanetu, "Dismas, naomba radhi, lakini ufunguo sitautoa."

"Ufunguo upi, Baba?"

"Wa Kibondo. Nilisema ndiyo, na haikuwa ndiyo."

Aliweka kikombe chini. "Baba, ulinishukuru."

"Nilikushukuru."

"Na kuja hapa? Si ulisema umefurahi?"

Nilitazama kitambaa cha meza. Kumjibu ilikuwa kazi nzito kuliko kubeba magunia yale ya stoo. "Nilisema," nikamwambia. "Nayo haikuwa kweli, mwanangu. Nisamehe."

Alikizungusha kikombe hadi chai ikapoa. Ana paji lako la uso akihuzunika. Kisha akaniuliza jambo ambalo tangu hapo linanifuata kila nikaapo: "Sasa mimi nitajuaje lini Baba anakubali, na lini ana adabu tu?"

Nilimwomba awe ananiuliza mara mbili, nami nitajitahidi ya pili iwe ya kweli. Alitikisa kichwa, akacheka kidogo bila furaha, akauliza nani atanipikia Kibondo, na nani atajua nikianguka bafuni. Nikamwambia sijui. Hilo nalo ni neno ambalo sikupata kumwambia mtoto tangu tulipomzaa. Alitoka nje na simu. Nilimsikia akimwambia yule mtu wa mbao asije Jumamosi, angoje, mzee bado anafikiri. Nikainuka, nikamfuata hadi mlangoni, nikasema, "Mzee hafikiri. Mzee amekataa." Aliniangalia sana. Kisha akayarudia maneno hayo kwenye simu, neno kwa neno.

Usidhani nimefunguliwa. Nikuandikiapo bado niko Kasulu, geti limefungwa, na habari ya mimi kurudi nyumbani bado tunaizungumza. Leo amesema hapana, nami nimemwambia nitamwuliza tena kesho. Lakini ufunguo uko mfukoni mwa koti langu, na taa ya nje sasa haiwashwi mpaka niwe nimeingia ndani.

Jambo la mwisho. Nilifungua kibweta chako cha cherehani, ambacho nilikuwa sijathubutu kukifungua, nikachukua sindano. Alama zako sikuzifuta, nazo zitakaa. Nimekwaruza ya tatu, ya jicho langu. Mstari umepinda, utanicheka. Kutoka alama yako, pale Padri alipoliacha gurudumu, hadi yangu ni upana wa kidole kimoja. Huo ndio umbali ulionitenga na ile nyota ya pili miaka yote tuliyokaa uwanjani pamoja.

Uliniita nije tena nitazame, nikakujibu nimekwisha kuona. Nilikuwa sijaona, mke wangu. Sasa nimekuja. Niwie radhi kwa kuchelewa.

Lala salama, nami nakupigia makofi yale ya taratibu.

Mumeo,
Baba Dismas