Kisanduku cha "Amefika"

Alhamisi, saa moja jioni

Na bado simu yake haipatikani.

Mume wangu! Wiki tatu tangu harusi, na neno hilo bado linanichekesha peke yangu. Asubuhi Kambale aliondoka Butembo na pickup ya agence yetu ya usafiri kupeleka wasafiri Mutwanga, akinipungia mkono mpaka kwenye kona. Alisema atapiga saa nane, na jioni atakuwa nyumbani.

Nilibaki bureau, ofisini kwetu, na programu ninayojifunza kutengeneza, ya kuandikisha wasafiri na madereva. Saa kumi nilifungua safari yake kwenye programu hiyo. Mbele ya jina lake kisanduku kilikuwa na alama: Amefika. Nilipiga vigelegele.

Mwalimu Paluku, anayenifundisha, hakucheka. "Madame, nani ameweka hii alama?"

"Si watu wa Mutwanga?"

"Batu ba Mutwanga habayapiga simu tangu asubuhi. Angalia, ni weye ulipanga ikuwe inajiweka yenyewe."

Kweli, ni mimi, Jumatatu. Sikupenda kuona kisanduku kitupu mbele ya jina la mtu. Donc, basi, kila anayeandikwa, mashine inasema amefika kabla gari halijawashwa.

Nilirekebisha. Kisha nikaiondoa alama ya Kambale.

Dereva aliyerudi kutoka Beni, kwenye njia hiyo hiyo ya Mutwanga, anasema tangu saa sita hakuna gari lililotokea upande wa Mutwanga.

Chakula chake nimekifunika. Kompyuta ya bureau nimekuja nayo nyumbani, iko hapa mezani, imewaka. Nikisikia pickup, nitaweka alama mara moja, halafu nimfungulie mlango.

Hapana. Mlango kwanza.