Fundi wa Jiko Anadhani Kosa ni Lake

Dada Armida, nakuandikia hapo gazetini nikiwa na aibu hadi masikioni. Nina miaka sitini na tatu, mjane, bibi wa wajukuu wawili, na kwa miezi miwili sasa nimekuwa nikiliharibu jiko langu mwenyewe kwa makusudi.

Usinicheke kwanza. Mwaka jana niliteleza kwenye barafu na kikapu cha kuni mgongoni, nikavunjika bega, binti yangu akapanda kutoka mjini Udine akasema, "Mama, kuni basi," na mwezi wa kumi akaniagizia jiko la punje, zile punje ndogo za unga wa mbao ulioshindiliwa, unazimimina tangini, unabonyeza kitufe, jiko linajilisha lenyewe na nyumba nzima inapata joto. Mimi nilinuna, nikamwambia jiko lenye waya wa umeme ni televisheni yenye majivu, lakini akaja fundi kulifunga, Onorino wa kijiji cha pili, huku kwetu milimani Carnia hakuna asiyemjua, miaka sitini na sita, hakuwahi kuoa kwa sababu alimuuguza mama yake mpaka mwisho, na, dada Armida, mtu yule alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, soksi zake zimeshonwa visiginoni, ushonaji wa kiume, uzi mwekundu juu ya soksi ya kijivu, akahangaika na bomba la moshi siku mbili nzima, na alipomaliza akanionyesha kikombe cha chuma ambamo punje zinaungulia, akasema, "Bi Nives, kila asubuhi mwaga majivu ya hapa. Ukinisikiliza hilo moja tu, hutaniona tena."

Hutaniona tena! Ndivyo alivyosema.

Mara ya kwanza nilisahau kweli. Jiko likalia, likaandika kwenye kioo chake kwamba hakuna moto, nikampigia simu, akaja na theluji yake mabegani, akasafisha kwa dakika kumi, akanywa kahawa kwa saa mbili, akanisimulia siku aliyokuta bundi na watoto wake kwenye dohani ya padri, na padri chini anapiga magoti akidhani ni sauti za marehemu, nikacheka mpaka bega likaniuma, na alipoondoka nikatambua kwamba tangu mume wangu Elvio afariki, miaka sita, hakuna mtu aliyekalia kiti kile.

Mara ya pili sikusahau. Mara ya tatu niliacha kifuniko cha tangi wazi kidogo. Mara ya nne niliweka gunia la punje barazani kwenye unyevu siku tatu, zikavimba zikawa kama uji, nikazimimina, zikagandia kwenye parafujo inayozisukuma motoni, na Onorino akalala kifudifudi sakafuni kwa muda wa saa nne akizikwangua kwa kijiko. Akaniuliza, "Bi Nives, gunia hili lilikaa wapi?" Nikamjibu, "Ndani, pale pakavu." Alipoinuka alikuwa ameshika kiuno, akasema, "Nisamehe, mama. Miaka thelathini nafunga majiko, hakuna lililonisumbua hivi. Kosa ni langu. Labda mikono imezeeka."

Wifi yangu Ilva alikuwa jikoni kwangu siku hiyo, na kesho yake baa nzima ya kijiji ilijua kwamba majiko ya Onorino hayamalizi hata baridi moja. Familia mbili zimeshamwacha, zimeita fundi mwingine kutoka Tolmezzo. Jana amenipigia kusema mwisho wa mwezi atakuja kuling'oa jiko anifungie jingine, na baada ya hapo anafunga karakana yake kabisa. Nikimwambia ukweli atanidharau, nisipomwambia anaacha kazi anayoipenda kwa sababu yangu mimi. Nifanyeje, dada?

Nives

*

Bi Nives,

Barua yako haiwezi kusubiri gazeti, kwa hiyo jibu hili nimelitia posta leo hii.

Nimecheka, sikufichi. Mwenzangu wa meza ya pili alikuja kuuliza kuna nini. Halafu nikafika kwenye "ndani, pale pakavu," nikaacha kucheka. Mwanamume amelala kifudifudi saa nne nzima kwa ajili yako, anakuuliza swali moja la kazi yake, nawe unamdanganya ukimtazama usoni? Ungemwomba aje kunywa kahawa, angekuja. Mtu anayekaa saa mbili kwa kazi ya dakika kumi hakai kwa ajili ya majivu.

Upweke naujua, na miaka yako siikemei. Penda mpaka tisini ukitaka. Lakini umemfanya fundi aitilie shaka mikono yake, na hilo huwezi kuliacha hata siku moja zaidi. Unaogopa atakudharau. Huenda akafanya hivyo, na itabidi uvumilie.

Sasa sikiliza. Usimwite kwako, umemwita vya kutosha. Nenda wewe karakanani kwake, kesho, siyo keshokutwa. Anza na gunia, maana ndilo baya kuliko yote, kisha taja mengine moja moja. Usilie. Usimwambie unampenda hapohapo, asije akaona unatumia mapenzi kununua msamaha. Ukitoka kwake nenda kwenye baa ileile aliyosemea Ilva, useme kwa sauti ileile. Zile familia mbili zipigie simu mwenyewe, usimtume binti yako.

Na majivu, mama, mwaga kila asubuhi! Moshi ukirudi chumbani hautauliza kama una mapenzi au huna. Punje zilizolowa tupa zote.

Armida

*

Dada Armida,

Nakuruhusu uchape yote, na jina langu uliweke, maana huku hakuna tena asiyejua.

Nilikwenda. Alikuwa anakata bomba. Nilianza na gunia kama ulivyoagiza, na nilipofika kwenye kifuniko cha tangi uso wake ulikuwa mwekundu kama nyanya. Akasema, "Saa nne nzima, Nives! Saa nne nimekula vumbi lako!" Akanifungulia mlango nitoke. Hilo "Bi" alilisahau, nikalihesabu hata hilo.

Jumapili baada ya misa niliingia baa. Nikasimama karibu na mashine ya kahawa nikasema jiko la Onorino halina hata kasoro moja, mwenye kasoro ni mimi, nililiharibu mara tatu kwa mikono yangu ili mtu aje kuzungumza nami. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Mimi langu halijaharibika hata mara moja, ndiyo maana hakuna anayenitembelea," na baa yote ikalipuka. Ilva alinywa kahawa yake chungu, sukari alikuwa amesahau kuitia. Jumatatu niliwapigia zile familia mbili. Moja imemrudia.

Siku tano Onorino hakupiga simu. Nilikuwa namwaga majivu kila asubuhi, jiko likiwaka vizuri mpaka likanikera. Siku ya sita simu ikalia.

"Jiko linafanya kazi?"

"Linafanya kazi."

"Halijalia?"

"Halijalia hata kidogo."

Nikamsikia anavuta pumzi. "Basi sina sababu ya kuja."

"Huna," nikamwambia. "Ila nimepika polenta, ugali wetu wa mahindi, na jibini ya kukaanga, na sufuria ni kubwa."

Nikasikia kitu cha chuma kikiwekwa chini.

"Nakuja," akasema. "Usiguse kitu."

Nives