Kikombe cha Haji Sattam

Karak,
Ijumaa, baada ya sala ya mchana

Mpwa wangu mpenzi Rudaina,

Barua hii inatoka kwa mjomba wako Mufleh, ambaye bila yeye hakuna posa inayokamilika hapa Karak wala ugomvi unaotulia, na wapo wasemao kuwa hata mvua huuliza kwanza niko upande gani. Nakusalimu salamu nyingi. Je, u mzima huko Irbid? Unapata usingizi? Ngozi imetulia, au baridi imeichokoza tena? Sisi hatujambo. Mama yako anakusalimu, ila macho yake yako mlangoni tangu ulipoondoka asubuhi ile bila kunywa chai.

Najua unangoja neno moja tu. Nitalifikia, lakini mambo mazito hayasimuliwi mbio mbio.

Uliniagiza, mimi niliyesimama mahali pa marehemu baba yako, kwamba kabla wazee wa akina Ziyad hawajanywa kahawa niwaambie mbele ya watu wote kuwa una soriasi, huo ugonjwa wako wa ngozi. Ulisema Ziyad mwenyewe anajua na ameridhika, lakini hutaki kuingia nyumba ambamo utavaa mikono mirefu wakati wa joto mpaka ufe. Nikificha, hutatia saini ya ndoa. Nikisema nao wakaondoka, basi heri waondoke sasa. Mama yako naye alinisihi huku analia ninyamaze, akasema ndoa ikishafungwa ngozi ni siri ya mke na mume. Nikawaitikia wote wawili.

Basi walikuja jana, na magari yao yakaziba njia yote mpaka chini ya ngome. Wapita njia walidhani amekufa waziri. Haji Sattam, babu yake Ziyad, aliketi mbele. Alipomiminiwa kahawa aliiweka chini bila kuionja, akaleta posa kwa maneno mazuri. Macho yote yakanigeukia. Wewe umekulia humu, unajua kikombe kile hakinyweki mpaka mwenye binti ajibu, na akishasema kunyweni, binti ametolewa.

Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kuwaliza hata kondoo waliokuwa chunguni. Nikaanza na ukoo wetu, nikafika kwa babu yangu aliyemwangusha chui kwa kofi moja, nikanogewa, na katika kunogewa huko ulimi ukaenda ulikozoea. Nikasema, “Kunyweni kahawa yenu, Haji, mmeshapewa.” Vigelegele vikapasuka upande wa wanawake. Haji akanyanyua kikombe.

Rudaina, nilikuwa sijalisema neno lako.

Nikauona moyoni uso wako ulivyokuwa pale mlangoni asubuhi ile ulipoondoka, begi mkononi. Kikombe kilikuwa kimeshagusa masharubu yake niliposema, “Haji, niwie radhi, kiweke chini.”

Sijapata kusikia mwenyeji akisema hivyo katika mji huu. Vigelegele vikakatika. Mwanawe, yule Abu Qutaiba mnene, akasimama akauliza kama wameitwa kuja kuchezewa. Haji akamvuta shati akamketisha, kisha akakiweka kikombe taratibu na kuniambia niseme.

Nikasema kama ulivyonifundisha. Kwamba kinga ya mwili wako imekosea kazi yake na inaiharakisha ngozi. Ile inayopaswa kuota kwa mwezi inaota kwa siku chache, haipati nafasi ya kupukutika, ndipo yanaporundikana magamba juu ya wekundu. Kwamba si uchafu, si laana, wala haiambukizi. Kwamba huenda katika damu ya ukoo, na mtoto anaweza kuipata au asiipate. Kwamba haina dawa ya kuimaliza kabisa, bali ipo ya kuituliza, nawe unapaka, unakwenda kwa daktari, unakaa kwenye jua kwa kiasi alichokupimia. Nikawaambia na ile habari ya mikono mirefu.

Abu Qutaiba akacheka, akaniita kwa jina la mwanangu. “Umekuwa daktari tangu lini, Abu Hazaa? Juzi tu ulimpeleka mbuzi wako kwa fundi wa redio.” Watu wakacheka naye. Yule mbuzi alikuwa amemeza betri, lakini sikujibu. Halafu akaacha mzaha. Akaniuliza kama mimi ningekula mkate uliokandwa na mikono ile, au nawapa wao nisichokitaka.

Sasa nisikilize vizuri. Wewe na mji mzima mnajua kwa nini sivui kilemba changu, hata kwa kinyozi, hata harusini kwa mwanangu. Ni kovu la fisi niliyepigana naye bondeni nikiwa kijana.

Hapakuwa na fisi.

Nilivua kamba inayokishika kilemba, nikavua na kilemba chenyewe, nikainamisha kichwa mbele ya Haji Sattam. Magamba yametanda toka juu ya paji la uso mpaka nyuma ya masikio, na unga wake ukaangukia joho langu jeusi, kila mtu akauona. Nikawaambia, “Nimekula nanyi sinia moja, mkono kwa mkono, misiba na harusi, miaka yote hii. Nani kati yenu nimemwambukiza?” Sauti haikuwa ile yangu ya siku zote.

 Haji alinitazama kichwa kwa muda mrefu. Kisha akachukua kikombe, kahawa imeshapoa, akainywa mpaka mashapo, na wenziwe wote wakanywa. Akasema, “Mwambieni binti kwetu joto ni kali. Avae mikono mifupi.”

Basi rudi nyumbani. Usiache dawa kwa sababu ya furaha. Nimemkataza mama yako kukusugua kwa dodoki siku ya kuogeshwa bibi harusi, kwa kuwa ngozi ikichunika ndipo ugonjwa unapozuka upya. Sigara nayo huichokoza ngozi, basi nimeacha, isipokuwa ile ya baada ya chakula. Ukija utanipeleka kwa daktari wako, kisha tutateremka Bahari ya Chumvi, ambayo maji yake huituliza ngozi, asubuhi kabla jua halijawa kali, na safari hii nitaoga bila kilemba.

Wasalimie jamaa wa huko wote, mkubwa kwa mdogo. Mungu akulinde njiani.

Limebaki jambo dogo. Ile tyubu yako ya dawa ya bafuni, iliyokuwa ikiisha upesi hata ukagombana na mama yako kwamba anaikamua ovyo, ni mimi. Sikuwa nakuja kwenu kunywa chai. Njoo na mbili.

Mjomba wako,
Mufleh