Vipele vya Rangi Mlangoni

Baba Dao,

Wali wa kunata umo kikapuni, samaki wa kuchoma yuko chini ya kawa. Bibi ale kwanza ndipo anywe dawa. Wingu likitanda, anua nguo.

Pikapu nimeondoka nayo mimi. Usiite polisi.

Ulipokwisha kumfokea mtoto ukaenda zako shambani, nilichutama pale kwenye mlango wa gari nikapapasa. Vile vipele ulivyoviona havinasi ukucha. Viko chini ya vanishi, na vanishi yenyewe ni nzima. Kitambaa cha kuoshea gari hakifanyi hivyo hata usugue mwaka mzima. Nikapiga picha, nikamtumia Anan, yule kijana aliyetuuzia gari. Hakubisha. "Mama, hiyo kasoro ya kiwandani. Leteni leo, tutaupaka rangi mlango wote upya." Ataniandikia hivyo kabla sijamwachia ufunguo.

Dao alikuambia, "Baba, nimetumia kitambaa laini." Ukamjibu kwamba ana mikono ya msasa. Kaenda shule bila kula. Na aliamka alfajiri kuliosha gari ili uende nalo harusini kwa kaka yako likiwa linang'aa. Hakuna aliyemtuma.

~~Nitamweleza mimi jioni.~~

Hapana, utamweleza wewe. Shule ikiisha, kamchukue kwa pikipiki. Na usianze kwa kumnunulia aiskrimu ukadhani yameisha, nakujua. Anza kwa kusema.

Mama Dao