Bendera Ilipokwama

Koku mwanangu,

Hatujambo hapa Ijumbi, tunaanika kahawa. Umeuliza kama mimi, shangazi yako, niliogopa nilipochaguliwa kupandisha bendera shuleni. Niliogopa mno. Babu yako alikuwa amelazwa hospitali ya Rubya, hali yake mbaya. Siku hiyo kamba ilikuwa imelowa mvua, ikakwama. Wimbo wa taifa ukaisha bendera ikiwa nusu mlingoti, kama ya msiba. Nikaona nimemwitia babu kifo.

“Vuta, binti! Hukula ndizi leo?” mwalimu wa zamu alisema.

“Haipandi, mwalimu.”

Akawageukia wenzangu. “Basi imbeni tena, taratibu, mpaka ifike.”

Wakaimba, ikafika. Babu alipona. Lakini hadi leo, bendera ikianza kupanda, nafumba macho mpaka wimbo uishe.

Shangazi yako mdogo